Wanaosafiri Siku Mbili Kutafuta Giza

Katika Milima ya Davis, magharibi mwa jimbo la Texas nchini Marekani, kuna shamba la mifugo liitwalo Prude Ranch ambalo karibu kila mwaka, katika majira ya kuchipua, hugeuka kijiji cha watu wasiolala. Hufika kwa magari yaliyosheheni mirija mirefu, vioo vilivyofungwa kwa mablanketi, ngazi, meza za kukunja na chupa za kahawa. El Paso, mji mkubwa wa upande huo, uko zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Wapo wanaoendesha siku mbili nzima kufika hapo. Mchana hulala mahemani jua likiwaka, na jioni jua linapozama hakuna anayewasha taa.

Mkusanyiko huo unaitwa Texas Star Party, nao ulianza mwaka 1979. Kwa Kiswahili unastahili kuitwa mkesha wa nyota, maana watu hukesha hapo kama wakeshavyo harusini, msibani au kwenye ibada. Tarehe yake hupangwa kwa kuufuata mwezi. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hutoka kuutafuta mwezi mwandamo ili waanze kufunga. Hawa wa Texas huzitafuta siku ambazo mwezi haupo kabisa, au ni uzi mwembamba unaowahi kuzama. Mbalamwezi, ambayo mahali pengine ni pambo la usiku, kwao ni mgeni asiyealikwa.

Sheria ya kwanza ya mkesha ni moja: taa nyeupe marufuku. Anayetaka kuona njia huwasha kurunzi nyekundu hafifu na kuielekeza chini. Anayefungua mlango wa gari usiku anatakiwa awe ameshaizima taa ya ndani. Simu hufichwa. Mgeni anaweza kudhani haya ni masharti ya watu wenye makuu, lakini sababu yake imo ndani ya jicho. Jicho la binadamu lina chembe za aina mbili za kupokea mwanga: za mchana zinazotambua rangi, na za usiku zinazodaka mwanga hafifu bila rangi. Hizi za usiku huhitaji dakika 20 hadi 30 gizani ndipo zifikie uwezo wake. Mwanga mweupe wa simu, hata wa sekunde chache, huzirudisha nyuma. Mwekundu hauzisumbui sana. Tena chembe hizo hazikai katikati ya jicho. Ndiyo maana mzoefu anayetafuta wingu hafifu la nyota haikodolei sehemu lilipo. Hutazama kando kidogo, nalo hujitokeza.

Kisha anga huanza kujaa. Mtu aliyekulia mjini hushtuka kwanza kwa wingi wa nyota, halafu hushtuka kwa jambo ambalo hakulitarajia: hazitambui tena zile chache alizozijua, kwa sababu zimemezwa na maelfu mengine. Njia Nyeupe, ambayo wengine huiita Njia ya Maziwa, hupanda kutoka mashariki usiku wa manane kama moshi wa moto usiozimika. Mahali penye giza halisi, mwanga wa Njia Nyeupe upande wa kundinyota la Nge na la Mshale hutosha kutupa kivuli chini. Mmarekani John Bortle, aliyetunga kipimo cha giza chenye ngazi tisa na kukichapisha mwaka 2001, alikitaja kivuli hicho kuwa alama ya ngazi ya kwanza, ile ya giza safi kuliko zote.

Gizani humo kuna ukarimu wa aina yake. Watu wasiofahamiana hata kwa sura huitana: njoo utazame. Mwenye darubini kubwa huweka ngazi, na foleni hujipanga kimyakimya. Kila mmoja hupanda, huweka jicho, hunyamaza, halafu hushuka akimpisha mwenzake. Hakuna kiingilio cha kutazama kwenye darubini ya jirani.

Desturi hiyo ina wazee wake. Huko Springfield, Vermont, kikundi cha mafundi wa viwandani waliofundishwa na Russell Porter kusaga vioo vya darubini walijenga klabu yao juu ya kilima na kuiita Stellafane, na mwaka 1926 wakaita mkutano wa kwanza wa watengeneza darubini. Mkutano huo ungali unafanyika, na hadi leo watu huleta vyombo walivyovitengeneza wenyewe ili vishindanishwe.

Lakini aliyeiweka darubini kubwa mikononi mwa watu wa kawaida ni John Dobson, na habari yake inafaa kusimuliwa taratibu. Alizaliwa Beijing mwaka 1915, akawa mtawa katika nyumba ya wafuasi wa Vedanta mjini San Francisco. Fedha hakuwa nazo. Aliokota vioo vinene vya madirisha ya meli, akavisaga kwa mikono mpaka vikapata ubonyeo unaotakiwa, akavitia kwenye mirija ya karatasi ngumu ambayo mafundi wa ujenzi huitumia kumwagia zege la nguzo. Kitako alikiunda kwa mbao za plaiwudi, kizunguke kwa kusukumwa na mkono tu. Mwaka 1967 alitakiwa kuondoka utawani, kwa kuwa kazi yake ya darubini ilimtoa nje mno. Mwaka uliofuata akashiriki kuanzisha kikundi kilichosimamisha darubini kando ya barabara ili kila mpita njia atazame bure. Hakuwahi kuusajili ubunifu wake uwe mali yake. Alifariki Januari 2014 akiwa na miaka 98, na leo darubini nyingi zinazohitaji ngazi katika mikesha zinabeba jina lake.

Kioo ndicho kigumu. Kitako cha Dobson chenyewe, seremala yeyote wa Keko jijini Dar es Salaam au fundi wa majahazi wa Lamu angekiunda bila kuhangaika.

Kwenye mkesha wa Texas kuna kitu kimoja ambacho watu hukingoja kwa hamu. Ni fundo la nyota liitwalo Omega Centauri, lenye nyota zinazokadiriwa kufikia milioni 10, umbali wa miaka ya nuru kama 17,000. Kutoka Milima ya Davis fundo hilo hupanda kiasi cha upana wa ngumi moja tu juu ya upeo wa kusini, likapita chini kwa muda mfupi na kutoweka. Watu huhamisha darubini zao ili kilima kisiwazibe. Msalaba wa Kusini wenyewe hauonekani wote kutoka huko.

Kutoka Dar es Salaam fundo hilo hilo hupanda zaidi ya nusu ya njia kwenda utosini. Kutoka Dodoma, Nairobi, Kampala au Bujumbura, Msalaba wa Kusini husimama wazi upande mmoja wa anga huku zile nyota saba za kaskazini, zenye umbo la upawa, zikionekana upande wa pili usiku huohuo. Wakazi wa ikweta na kandokando yake wamejaliwa kuziona karibu nyota zote za mbingu katika mwaka mmoja. Hakuna mtu wa Texas, wa London wala wa Tokyo mwenye anga kama hiyo, hata awe na darubini ya thamani gani.

Kwa nini, basi, watu huacha nyumba zao na kuendesha siku mbili? Kwa sababu nyumbani kwao usiku umefutwa. Mwaka 2016 watafiti walioongozwa na Fabio Falchi walichapisha ramani ya dunia ya mwanga wa bandia angani. Iligundua kuwa zaidi ya asilimia 80 ya watu duniani wanaishi chini ya anga iliyochafuliwa na taa, na kwamba Njia Nyeupe haionekani kabisa kwa zaidi ya theluthi moja ya wanadamu. Amerika Kaskazini, karibu watu 80 katika kila 100 hawawezi kuiona wakiwa kwao. Katika ramani hiyo, nchi ambazo watu wake hawajaathirika sana zilikuwa Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Madagaska.

Uchafu huo haukai ulipo. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2023 na kutegemea watu zaidi ya 51,000 waliohesabu nyota kwa macho yao, wengi wao wa Ulaya na Amerika Kaskazini, ulionyesha kuwa mng'ao wa anga uliongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mwaka kati ya 2011 na 2022. Watafiti walilifafanua hivi: mtoto aliyezaliwa mahali panapoonekana nyota 250 ataziona 100 tu akifikisha miaka 18. Hapana shaka hilo ni pigo. Mtoto hawezi kulililia, maana hajui alichopoteza.

Tarehe 17 Januari 1994, saa kumi na dakika 31 alfajiri, tetemeko la ardhi la Northridge lilikata umeme Los Angeles. Watu walikimbilia nje gizani, wakainua vichwa. Kituo cha anga cha Griffith kilipokea simu za watu waliouliza anga imepatwa na nini, kwa kuwa ilikuwa ngeni machoni pao. Anga haikuwa imepatwa na lolote. Ilikuwa ile ile waliyoiona babu zao kila usiku.

Giza la Milima ya Davis nalo halijilindi lenyewe. Lina walinzi, lina sheria, na lina tajiri mmoja aliyewashangaza ndugu zake. William Johnson McDonald, mwenye benki katika mji mdogo wa Texas, alifariki mwaka 1926 na kuacha sehemu kubwa ya mali yake kwa Chuo Kikuu cha Texas ili kijengwe kituo cha kutazamia nyota. Ndugu walikwenda mahakamani kuupinga wosia. Kituo kilijengwa hata hivyo, kikazinduliwa mwaka 1939 juu ya Mlima Locke, umbali mfupi kutoka mahali mikesha inapofanyika. Sheria ya jimbo inazitaka wilaya saba zinazokizunguka ziwe na kanuni za taa za nje.

Mtihani mkubwa ulitoka kaskazini, kwenye visima vya mafuta na gesi vya bonde la Permian, ambavyo taa zake zilianza kung'arisha upeo. Wahusika wa kituo hawakwenda kuwaomba wenye visima wazime taa na kufanya kazi gizani. Waliwaomba wazigeuze zitazame chini na kuzivisha kofia. Matokeo yake ni jambo ambalo kila mhandisi wa taa angepaswa kulijua: mfanyakazi aliyekuwa akipigwa na mwanga machoni alianza kuona vizuri zaidi mahali anapokanyaga. Aprili 2022 eneo la zaidi ya kilomita za mraba 38,000, linalovuka mpaka hadi Meksiko na lililo kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda, lilitambuliwa rasmi kuwa hifadhi ya giza, kubwa kuliko zote duniani.

Flagstaff, Arizona, ulitangulia mbali. Mwaka 1958 mji huo ulipiga marufuku taa za matangazo zinazofagia angani, ili kuvilinda vituo vyake vya nyota. Leo ni mji wenye maduka, reli na chuo kikuu, na wakazi wake huiona Njia Nyeupe. Mtu asidanganywe kwamba lazima kuchagua kati ya maendeleo na nyota.

Hapa ndipo habari ya Texas inapomgusa msomaji wa Kiswahili, na kumgusa kwa undani, kwa sababu lugha yenyewe imebeba anga. Neno kilimia limetoka katika kulima. Wazee walikitazama kile kishada kidogo cha nyota ili wajue msimu wa kulima na mvua. Neno jaa, upande wa kaskazini, ni nyota ya mabaharia. Ni ile ile ambayo manahodha wa Oman na Ghuba waliiita Jah katika duara lao la pande 32, ambazo nyingi zilipewa majina ya nyota zinapochomoza na zinapotua. Suheli, kusini, ni nyota ya pili kwa ung'avu katika anga yote ya usiku. Katika karne ya 15, Ahmad ibn Majid wa Julfar, sehemu iliyo leo katika Falme za Kiarabu, aliandika elimu hiyo kwa nathari na kwa mashairi, likiwamo shairi refu kuhusu njia ya bahari kwenda Sofala.

Jahazi likitoka Mombasa, nyota ya jaa haipo. Imezama chini ya upeo. Likishavuka ikweta na kupanda pwani ya Somalia, nahodha huiona ikichomoza kidogo kidogo juu ya maji, na kila usiku unaopita huipandisha kidogo zaidi, mpaka vipimo vya vidole vimwambie amefika usawa wa bandari anayoitaka. Watu walivuka Bahari ya Hindi kwa giza hilo. Mjukuu wa nahodha huyo, aliyepanga chumba pembeni ya barabara kuu ya Mombasa leo, anaweza kuishi mwaka mzima bila kukiona Kilimia.

Wapo wanaolifanyia kazi jambo hili. Nchini Kenya, Susan Murabana na mumewe Chu Owen walianzisha mwaka 2014 shirika la The Travelling Telescope, linalobeba darubini hadi shuleni na mikoani, na limejenga ukumbi wa sayari kwa mianzi jijini Nairobi. Nchini Tanzania, Dakta Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria ametumia miaka mingi kuwaeleza wananchi habari za anga. Tarehe 1 Septemba 2016, kupatwa kwa jua kulipofanya pete juu ya kusini mwa Tanzania, umati ulikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali. Wanafunzi, wakulima, wageni wa mbali, wote walivaa miwani ya karatasi na kuinua nyuso. Pete ilidumu karibu dakika tatu. Aliyedhani kuwa falaki haina wateja katika Afrika Mashariki angeitazama siku ile.

Hata hivyo upo mwelekeo ambao mwandishi wa makala haya anauona kwa wasiwasi. Giza limeanza kuuzwa. Kambi za kitalii za mbugani huwaamsha wageni kuziona nyota, na si vibaya, maana mgeni hulipa na ajira hupatikana. Ubaya ni pale ambapo mgeni huonyeshwa Omega Centauri na kuelezwa umri wake, huku mtoto wa kijiji kilicho kilomita chache kutoka hapo, anayelala chini ya anga hiyo hiyo, hajaambiwa hata jina la fundo hilo. Darubini moja ndogo katika shule moja ya kata, na mwalimu mmoja aliye tayari kubaki hadi saa tatu usiku, vingeliondoa pengo hilo.

Na taa zinakuja. Zije. Hakuna mwenye huruma atakayemtaka mama ajifungue kwa mwanga wa kibatari, au mwanafunzi asome kwa koroboi inayomwumiza kifua, ili mtu mwingine ahesabu nyota. Kenya zile taa za milingoti mirefu zimepewa jina la mulika mwizi, na jina hilo linaeleza haja ya kweli: watu wanataka kurudi nyumbani salama. Lakini taa inayotupa mwanga wake kando na juu haimmuliki mwizi. Humpofusha mwenye nyumba, na nyuma ya mng'ao huo hubaki kivuli kizito cha kujificha. Taa yenye kofia, inayotazama chini, hupeleka mwanga wote barabarani kwa umeme mdogo zaidi.

Rangi pia ina uzito. Mwanga mweupe wenye ubuluu mwingi husambaa angani kuliko wa manjano, kwa sababu ile ile inayofanya anga ya mchana iwe ya buluu. Kanuni za Ufaransa za Desemba 2018 zimeweka ukomo wa kelvini 3,000, yaani mwanga wenye joto unaokaribia ule wa balbu za zamani. Nchi inayoweka nguzo zake za kwanza ina nafasi ambayo Ulaya haikuipata: kuchagua taa sahihi kabla ya kuinunua ile mbaya.

Wanyama nao hawana pa kukata rufaa. Kasa anapoanguliwa pwani, Watamu au Mafia, hukimbilia upeo unaong'aa zaidi, ambao kwa mamilioni ya miaka umekuwa bahari. Hoteli ikiwasha taa kubwa nyuma ya ufuo, huelekea huko na kufa. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden na Afrika Kusini walionyesha kuwa mdudu anayeviringisha kinyesi hushika njia iliyonyooka usiku kwa kufuata mkanda wa Njia Nyeupe. Walimjaribu hadi ndani ya ukumbi wa sayari jijini Johannesburg, na walipomvisha kikofia kinachomziba asione juu, akazungukazunguka bila mwelekeo.

Halmashauri yoyote inayotangaza zabuni ya taa za barabarani inaweza kuandika masharti mawili tu: taa iwe na kofia, na mwanga wake usizidi kelvini 3,000. Diwani anaweza kuyauliza hayo kikaoni, na mwenye hoteli ya pwani anaweza kuyatimiza wiki hii bila kungoja sheria.

Mkesha hauhitaji shamba la Texas. Katika sehemu kubwa ya bara la Tanzania mwezi Julai ni wa kiangazi, mawingu ni machache, na mnamo saa nne usiku kitovu cha Njia Nyeupe huwa kimepanda juu kabisa, karibu na utosi. Msomaji, chagua usiku usio na mwezi. Zima taa ya uani, funika simu, tandika mkeka, na umwite mtoto na mzee wa nyumba. Lipe giza dakika ishirini, kisha mwombe mzee ataje majina anayoyakumbuka.